Maji Niliyoyachuja kwa Ajili ya Jaji

Mke wa mdogo wangu ni profesa wa sheria, Mhaya wa Kagera. Maisha yake yote ya kazi amewashitaki wanaomwaga sumu kwenye maji ya wenzao, na kufundisha vijana wafanye vivyo hivyo. Mimi niliishia kidato cha nne, lakini katika kesi moja nilikuwa msaidizi wake. Anaisimulia darasani mpaka leo.

Ilihusu kiwanda cha ngozi kilichokuwa juu ya kijito chetu, upande wa Igoma. Maji yake machafu yalipita kwenye bustani zetu kabla ya kufika ziwani. Jirani yangu, ambaye hakuwa na riziki nyingine ila mboga, alikuwa akitazama kabichi zake zikinyauka tuta baada ya tuta. Shemeji alitaka mahakama iamuru lile bomba lifungwe haraka, kabla msimu haujamwishia. Kilichokosekana ni sampuli ya maji. Walinzi wa kiwanda walikwishaijua sura yake, akanituma mimi.

"Shikamoo shemeji. Kinga bombani, jaza chupa, funga, niletee. Basi."

"Marahaba. Hiyo kazi ya kitoto."

Nilikinga. Lo! Maji yalikuwa na rangi ya kutu, yananuka, na manyoya ya ng'ombe yanaelea ndani. Nikayatazama nikiwaza: haya yanakwenda mbele ya jaji, mtu mwenye heshima zake. Kwetu Usukumani hata mpita njia akiomba maji humpi yenye taka; utasemwa kijiji kizima. Nikayamimina kwenye mtungi yatulie, kisha nikayachuja kwa khanga mpya ya mke wangu niliyoikunja mara kadhaa. Yakatoka ya kupendeza. Nikayarudisha chupani, nikayapeleka Kiseke kwa shemeji nikitembea kama bwana harusi.

Maabara walipoyapima, shemeji alinipigia simu.

"Shemeji, haya maji umeyatoa kiwandani au umenunua dukani?"

"Kiwandani! Ila nimeyachuja vizuri kwa khanga mpya. Nyie Wahaya mnadhani Wasukuma hatujui usafi?"

Simu ikaanza kukwaruza. Nikadhani mtandao unasumbua. Kumbe alikuwa anacheka, na kicheko kilipoisha akasema polepole, "Umekisafishia kiwanda kosa lake, shemeji. Hiyo khanga iko wapi?"

Nikamuuliza mke wangu.

"Nimeshaifua," akanijibu, "na usiiguse tena!"

Nilitaka kurudi bombani siku ile ile, lakini mvua kubwa zilikuwa zimeanza. Kijito kilifurika, bomba likazama, ikabidi tungoje mpaka mvua ziishe. Safari ya pili shemeji alikuja mwenyewe na mtaalamu wa maabara, nami nikaambiwa nikae mbali na chupa. Jaji aliyaona maji kama yalivyo, akaamuru bomba lifungwe.

Lakini msimu ulikuwa umekwisha. Jirani alikuwa amehamia kwa dada yake Sengerema. Nikavuka ziwa kwenda kumwomba radhi. Alinikaribisha ugali na sato, akanicheka mpaka machozi.

"Wewe bwana, ungekuwa polisi ungemwogesha mwizi kwanza ndipo umpeleke kituoni!"

Nikacheka naye. Kisha nikamwambia kijito kimetakata, arudi. Akatikisa kichwa. Alikuwa ameshapanda kule.

Kipande chake kando ya kijito kimejaa magugu. Watu huniuliza kwa nini nisikilime mimi, kwa kuwa kiko jirani. Sijathubutu.