Kisu cha Randa Chini ya Pipa la Mawese

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka vizuri kuliko siku niliyooa. Mke wangu analijua jambo hilo, na amekwisha kunisamehe. Siku hiyo nilisimama mlangoni kwa Bibi Faida, mtaani Kasingirima, randa kuukuu kwapani, nami sijui kama nitaondoka pale nikiwa fundi au nikiwa mtu wa kufukuzwa. Nitakusimulia ilivyokuwa. Niliyoyaona nitasema niliyaona, na niliyoyasikia nitasema niliyasikia tu, maana mambo hayo mawili hayana undugu hata wa kunyonya.

Nilikuwa nimemaliza shule na kujifunza useremala Rusimbi, kwa Fundi Baranyikwa, Muha wa Kalinzi, mtu wa maneno machache na viganja vipana kama makasia. Randa mpya za dukani hazikunipendeza. Visu vyake vilikuwa vyembamba. Vikikutana na fundo la mninga vilitetemeka kama mgonjwa wa homa. Ndipo nilipoanza kusaka zana za mafundi wa zamani, nyumba kwa nyumba, tangu ufukweni hadi milimani kwenye mibuni. Usicheke nikikuambia nilivyozikuta. Patasi nzuri ya chuma kizito niliikuta ikichimbiwa mihogo. Tezo la mjenga mitumbwi lilikuwa likivunjiwa mifupa ya mbuzi. Msumeno mmoja, ambao meno yake yalichongwa na mtu aliyeijua kazi, ulikuwa umezibiwa tundu la kuku. Kila kimoja nilikiomba kwa adabu, nikakisugua kwa mafuta, jiwe na subira, nikakitia mpini mpya, na jioni nilikitazama kama mzazi anayemtazama mwanawe aliyepona surua.

Bibi Faida alikuwa mjane wa fundi wa mitumbwi. Wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani. Alinifunulia sanduku la marehemu mumewe. Mlikuwa na patasi saba, keekee ya mkono ya kutobolea mbao, matezo mawili, na juu ya vyote randa ndefu ya kunyooshea mbao za ubavu wa mtumbwi. Kutu ilikuwa imekivaa kisu chake kama ukoma.

"Siuzi," aliniambia. "Wanaokuja hapa wote ni wa chuma chakavu."

"Mimi sitaki kuuza, Bibi. Nataka kufanyia kazi."

"Hata marehemu alinioa kwa maneno matamu kama hayo. Haya, chukua randa hii moja. Ukiifufua, ikanyoa ubao wangu toka ncha hadi ncha bila kukwama, zana zote ni zako. Ukishindwa, irudishe, na hapa usipige hodi tena."

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kazi ya kusugua kisu kile ingenichukua siku nyingi, nami nilikwisha kuziona patasi saba zimepangwa ukutani kwangu. Nikiwa mwaloni, wanakoshushia samaki, nilikutana na Shomari, rafiki yangu muuza dagaa, nikamweleza shida yangu.

"Unajitesa bure," akasema. "Chuma cha zamani kinalazwa chini ya pipa la mawese linapochemka. Asubuhi hadi jioni. Kutu yote inakimbia. Kila mtu anajua."

Sikumuuliza huyo kila mtu anaishi wapi. Wapo watu, mwanangu, wanaoshikilia kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi methali hiyo siigombi, ila naiomba ingoje nje mpaka niwashe taa. Kijana niliyekuwa sikuiambia ingoje. Nilikwenda palipokuwa pakipikwa mawese, nikamwomba mama mwenye pipa ruhusa, nikakizika kisu katikati ya makaa, nikakaa pembeni nikila ndizi za kuchoma kwa furaha ya mtu asiyejua.

Jioni kisu kilitoka kwenye majivu bila kutu, kimetakata. Nikakinoa, kikapata makali upesi mno, na hilo peke yake lingetosha kunishtua. Nilipokijaribu kwenye ubao kilinyoa mara tatu, kisha makali yakajikunja kama ukingo wa jani la mgomba lililopigwa na jua. Nikanoa tena, yakajikunja tena. Chuma kilikuwa kimekuwa laini kama bati.

Nikarudi kwa Shomari. Hakuona haya hata kidogo. "Tia kisu kipya cha dukani, ukipake masizi. Yule bibi wanasema haoni vizuri."

Hapo, mwanangu, nilijaribiwa. Nilikwenda dukani nikakishika hicho kisu kipya mkononi. Kilichonirudisha si wema. Ni kwamba nilikwisha kuunguzwa mara moja na "wanasema", nikaogopa kuunguzwa mara ya pili na mtu yule yule. Nikakiacha, nikaenda kwa Fundi Baranyikwa nimeinamisha kichwa.

Alikipindua kile kisu mara mbili. "Nani alikwambia ukilaze motoni?"

"Shomari, Mzee."

"Shomari ana randa?"

"Hana."

"Amewahi kunoa kitu gani?"

"Ndoana, Mzee."

"Basi ungemuuliza habari za ndoana! Mwana wanje, mwanangu, wewe umesoma. Shuleni walikufundisha kujibu tu, hawakukufundisha kuuliza?"

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini yeye alikwisha kuanza kuvukuta makaa. Alining'iniza sumaku ya redio mbovu kwenye waya, akapasha kisu hadi kikawa chekundu, na kila mara akakisogeza karibu nayo. Mwanzoni sumaku ilikivuta. Kikazidi kuiva, na ghafla sumaku ikakikataa kabisa, ikaning'inia kama isiyokijua, ndiyo alama kwamba moto umetosha. Papo hapo akakitumbukiza kisu katika kopo la mawese aliyoyapasha kidogo. Kibanda kikajaa moshi na harufu ya mchuzi, na nilisikia njaa katikati ya aibu yangu.

"Sasa kimekuwa kigumu," alisema. "Lakini usiniamini. Chukua tupa."

Nikachukua tupa nikakwaruza. Iliteleza kama juu ya kioo. Kisha alinionyesha jinsi ya kung'arisha upande mmoja na kukipasha tena, polepole, hadi kikapata rangi ya nyasi kavu, ili ugumu usigeuke kuwa wepesi wa kuvunjika. Kukinoa kulinichukua siku mbili. Safari hii makali hayakujikunja.

Ndivyo nilivyofika mlangoni kwa Bibi Faida. Ubao wa mninga ulikuwa tayari juu ya vigoda viwili. Ningeweza kunyoa na kunyamaza. Randa ilikuwa nzima. Lakini mficha uchi hazai.

"Shikamoo, Bibi. Kabla sijaanza, nina neno. Kisu cha marehemu nilikiunguza kwa ujinga wangu. Fundi Baranyikwa amenisaidia kukirudisha."

"Marahaba. Unadhani sijui? Mwenye pipa lile ni mdogo wangu. Alikuja mbio siku ile ile: 'Dada, randa ya shemeji inapikwa na mawese!'"

Nikamuuliza: "Sasa mbona hukuja kuidai?"

"Kwa sababu niliambiwa, sikuona. Nikasema nitamngoja aje aseme mwenyewe, au aje anidanganye. Nyoa, kijana, ubao unakungoja."

Nikaishika randa. Ukanda mmoja mrefu wa mbao, mwembamba kama ngozi ya kitunguu, ulitoka toka ncha hadi ncha, ukajiviringa, ukaanguka miguuni pake. Bibi akauokota, akaunusa, akacheka hadi akaketi. "Beba zana zako. Ila sanduku linabaki, natunzia vitenge vyangu."

Nilizibeba kwa gunia, na sijawahi kubeba mzigo mwepesi kama ule.

Siku hizi naona mnatafuta zana za kale kwa simu, na simu hiyo hiyo inawafundisha dawa za kutu kumi kwa siku: siki, soda, ndimu, na mengine nisiyothubutu kuyataja. Sisemi ni uongo, maana sijazijaribu zote. Nasema hivi: dawa uliyoisikia, ijaribu kwanza kwenye msumari wa kutupa kabla ya kuipaka kazi ya mkono wa marehemu. Anayekufundisha, mtazame viganja kabla ya mdomo. Ukiharibu, kiri mapema kwa mwenye mali, kwa maneno yako mwenyewe, kabla jirani hajakusemea. Na habari mbaya ya mwenzako ikikufikia, mpe nafasi kama ile niliyopewa mimi. Wengi wetu tumekuwa watu kwa sababu kuna mtu aliyekataa kutuhukumu kwa maneno ya njiani.

Nenda, mwanangu. Mola akujalie mikono isiyo na haraka na kazi isiyokuaibisha. Akukutanishe na wakali wenye huruma, na kila ubao utakaouwekea randa ukunyookee.