Pilipili za Bibi na Koo la Shangazi

Harufu ya pilipili kavu inayoungua haiingii puani polepole kama ya kitunguu au bizari. Inakukaba koo kwanza, halafu ndiyo unajua ni nini. Kila inaponifikia, hata leo, narudi kwenye nyumba yetu nyembamba ya Tooting, majira ya baridi ya kwanza tangu tutoke Mombasa, nikiwa na miaka tisa. Tulikuwa Wahindi wa Mombasa wenye pasi za Kiingereza, na Kiswahili ndicho tulichokuwa tukigombania na kuchekea nyumbani. Mama alikuwa amefariki kitambo, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Baba, Bibi mzaa Baba, mimi, na Shangazi Nasim, kitinda mimba wa Bibi. Shangazi alitutangulia London kusomea upigaji chapa. Tulipofika tulimkuta ni mpiga chapa kweli, ila jioni alikuwa anafundishwa kuimba opera na mwalimu mmoja wa Kiingereza, ambaye alimwambia kuwa ana sauti ya soprano, ile ya juu na laini, ya wanawali wanaopenda na kuachwa.

Bibi hakuelewa hata kidogo. Siku ya kwanza alipomsikia Shangazi akipandisha sauti chooni juu, alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza nani amefiwa. Baada ya wiki mbili alikuwa anakaa ngazini kumsikiliza, akijidai anachambua mchele. Baba naye alikuwa mgumu. Alimpa dada yake majira yale ya baridi tu: akipata nafasi ya kuimba jukwaani, aendelee, asipopata, aache, achukue kazi ya kutwa benki na amjibu yule mchumba wa Leicester aliyekuwa anangoja jibu. Shangazi akakubali bila kubishana, na hapo ndipo nilipojua kwamba anaogopa.

Basi nyumba nzima ikaingia katika utumishi wa koo moja. Mwalimu alisema moshi wa kukaanga unaharibu sauti, na Bibi, mwanamke ambaye hajawahi kupika mboga bila kuunguza pilipili kwanza, akaanza kutupikia vitu vyeupe vya kuchemsha. Baba alivitazama sahani hadi sahani akasema ni chakula cha hospitali. Bibi akamjibu kuwa mgonjwa ni yeye. Kulikuwa na ukimya pia: siku ya kuimba Shangazi alikuwa hatamki neno tangu alfajiri, anaonyesha kwa vidole tu, na wageni waliokuja wakadhani anaringa. Bibi aliwaambia ana jino bovu. Nilimpenda sana Bibi kwa uongo ule.

Hatimaye Shangazi akaitwa kwenda kusikilizwa na kampuni moja ya opera iliyokuwa inatafuta mwimbaji kijana. Siku chache kabla, jamaa mmoja wa Southall alikuja kututembelea, akamsikia Shangazi akifanya mazoezi, akasema hajapata kusikia sauti kama ile maishani mwake. Alisema hivyo tu, bila mashaallah. Bibi alibadilika uso. Mgeni alipoondoka, Bibi hakulala vizuri tena, na Shangazi alipopiga chafya mara moja tu, akawa amekwisha kata shauri kwamba ni kijicho.

Asubuhi ya siku yenyewe, Shangazi amekaa kwenye kiti cha jikoni na koti lake, kimya, Bibi akaja na kiganja cha pilipili kavu na chumvi ya mawe. Akamzungushia kichwani huku midomo inasoma, kama alivyotuzungushia sote tangu tuzaliwe, akavimwaga kwenye kikaango kilichokwisha pata moto. Mombasa jambo hili lilifanywa uani, na moshi ukaenda zake angani. Lakini Tooting Baba alikuwa ameziba kila dirisha kwa karatasi za gundi ili kuzuia baridi. Moshi ulijaa jikoni mara moja. Shangazi alikohoa hadi akainama chini. Baba alishuka mbio akibandua karatasi na kufokea kila mtu, upepo wa barafu ukaingia, na Bibi amesimama katikati na kikaango mkononi, analia.

“Husuda haipo,” alisema, kwa sababu pilipili zikikuwasha ndiyo dalili kwamba uko salama. Kisha akasema, “Nimemuua mwanangu.”

Tulimsindikiza Shangazi, Bibi na mimi, Bibi ndani ya koti la Baba. Tulikaa nje ya mlango tukasikiliza. Wimbo ulianza vizuri, ukapanda, na pale juu kabisa sauti ikakatika. Bibi, ambaye hakuwahi kumsemesha Mwingereza zaidi ya kondakta wa basi, akaufungua mlango akaingia.

“Waambie,” alimwamuru Shangazi, “sauti yako si hii. Waambie mimi ndiye niliyeiunguza, na niliiunguza kwa kuipenda.”

Shangazi alitafsiri sentensi ya kwanza kwa sauti ya mikwaruzo. Ya pili ilimshinda, akamtazama tu mama yake. Sijui wale wazee watatu waliokuwa wakimsikiliza walielewa nini, lakini mmoja alivua miwani, akamwambia arudi Jumatatu. Jumatatu akaimba mpaka juu, akapewa nafasi ndogo, kisha kubwa zaidi, na yule wa Leicester akaoa kwingine. Tangu siku ile Bibi aliunguzia pilipili zake bustanini, chini ya mwavuli, hata mvua inyeshe vipi.

Bibi hayupo tena. Mimi ninakaa Ilford, na wanangu wanakielewa Kiswahili changu lakini hunijibu kwa Kiingereza. Jiko langu ni la umeme, na darini kuna king'ora kinacholia hata mkate ukiungua. Shangazi ana mvi, ana daktari wake wa koo na mashine ya mvuke. Mwezi uliopita, asubuhi ya siku aliyokuwa anaimba jukwaani kwa mara ya mwisho, alibisha hodi kwangu. Hakusema neno, kama ada yake. Akaketi kwenye kiti cha jikoni, akainamisha kichwa.

Nikamzungushia. Kikaango nilikipeleka bustanini, nikafunga mlango nyuma yangu, nikamwaga. Moshi ukanikaba, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Nilipoinua uso, Shangazi alikuwa ameubandika wake kwenye kioo cha dirisha, ananiangalia jinsi ninavyokohoa. Akatabasamu, akafunga koti, akaenda kuimba.