Meseji Ambayo Baba Mkwe Hakuipata

Admin, jina langu lizike kabisa, maana Mtwara ni ndogo na wanaonijua wamo humu. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na minne, nina mke na watoto watatu, na baba mkwe wangu anaishi kwangu, chumba cha nyuma. Sina ugomvi na mtu. Kinachonitafuna nimekitengeneza mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa msimamizi wa mradi wa kompyuta, ofisi chumba kimoja pale Chikongola. Tulitengeneza programu ya kutuma meseji za tahadhari vijiji vya bonde la Ruvuma. Mto ukijaa huko juu, balozi mmoja wa nyumba kumi katika kila kijiji anapata meseji, anawaita watu watoke kwenye mashamba ya mpunga. Kazi zetu zote tuliziandika kwenye ukurasa wa intaneti. Kila kazi, tuliiita taski, ilikuwa na jina la mwenye nayo, maelezo, na rangi: nyekundu haijaisha, kijani imefungwa. Bosi alikuwa Dar, akiufungua ukurasa ule kila Ijumaa. Nami, nisiwadanganye, nilipenda kijani kuliko chakula. Intaneti yetu ilikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo tulijizoesha kufunga taski wakati mtandao upo, kazi yenyewe tuimalizie baadaye. Nani angejua?

Mtengeneza programu wetu, nimwite Nandonde, aligundua kwamba orodha ya namba ikiwa ndefu, zile za mwisho hazipati meseji. Akarekebisha, lakini kwenye taski akaandika: "Msifunge. Sijapima. Jumatatu nakwenda kile kijiji cha mwisho kwenye orodha nijaribu na simu ya balozi."

Ijumaa hiyo wafadhili walikuwa wamekaa na bosi wanautazama ukurasa. Ilibaki nyekundu moja tu. Bosi akanipigia, "Hiyo moja vipi?" Nikamwambia imeisha, bosi, vijana wamesahau kufunga. Nikaifunga kwa jina langu. Jumatatu Nandonde alipokuja kuomba pikipiki nikamjibu, "Taski imefungwa, kaka. Tusirudi nyuma." Akaniangalia kidogo, akarudi kwenye kiti chake.

Wiki ya tatu mto ulijaa, mchana kweupe. Vijiji vyote vilipata meseji isipokuwa kile cha mwisho. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia mpunga na binti yake walichukuliwa na maji.

Bosi akataka ripoti. Nikafungua ukurasa, nikaona kijani, nikaandika kwamba meseji zilitumwa vijiji vyote. Ripoti ikasomwa mpaka kijijini, na kule wakaelewa wanavyoelewa wao: balozi alipata meseji, akalala nayo. Wakamvua ubalozi. Msikitini akikaa, watu wanasogea mbali kidogo. Balozi huyo ndiye leo baba mkwe wangu.

Ofisi ilinituma kwenda kutoa pole. Binti wa balozi akanisimamisha njiani, simu ya mzee mkononi. "Kaka, wewe msomi, tazama mwenyewe. Baba hajafuta kitu." Nikaishika. Ndani mlikuwa na meseji za salamu tu, ya kwetu haikuwemo. Nilijua palepale. Nikasema, "Mtandao wa huku unasumbua," nikamrudishia.

Nikaanza kwenda kwao, leo na sukari, kesho na dawa ya mzee. Mwisho nikamuoa yule binti. Nampenda, jamani. Ila mkiniuliza hatia iliishia wapi na mapenzi yakaanzia wapi, sijui, na nimeogopa kutafuta.

Mzee tulimleta mjini alipoanza kuugua. Kila masika mvua ikianza kupiga bati anaomba apewe ile simu yake ya zamani, haiwaki tena, anakaa nayo kiganjani. Miaka yote hii ananiuliza swali lile lile. "Mkwe, wewe mtu wa makompyuta. Meseji yaweza kupotea njiani?"

"Yaweza, baba."

"Sasa mbona ilipotea ya kwangu tu mie?"

Najifanya naitwa nje. Nasimama uani nalowa, namsikia anakohoa, nasema leo namwambia, na simwambii.

Sasa juzi Nandonde kanipigia, ni miaka hatujaongea. "Kaka, wenye ule ukurasa wanaufuta. Nimeingia, taski yetu bado ipo. Maneno yangu yapo, na jina lako lipo. Zimebaki siku tisa. Mimi sigusi, nimekujulisha tu." Akakata simu.

Ukifutwa, hakuna atakayejua mpaka Kiyama, na mzee atakufa akiwa balozi aliyelala na meseji. Nikiichapa ile taski nikaipeleka kijijini, jina lake linasafishika. Lakini mume wa yule mama aliyechukuliwa na maji, ambaye kila Idi tunapeana mkono, atajua mkono aliokuwa anaushika. Na mke wangu ameshaniambia, tena anacheka na watoto wakati huo: "Baba watoto, siku nikimjua aliyemsingizia baba, simsamehe hata akifa."

Leo asubuhi nilikuwa namnywesha mzee uji, maana hawezi tena kushika kikombe. Akaniambia taratibu, "Mkwe, nikifa mnizike hukuhuku mjini. Kule watanizika kwa ajili ya dini tu." Kisha akafungua mdomo nimpe uji mwingine.

Ndugu zangu, nianze na nani: mzee, mke wangu, au yule mjane wa kiume kule bondeni? Nishaurini, siku zinakwisha. Najua wapo watakaoniambia ninyamaze, yaliyopita si ndwele. Hao nawaomba wanishauri na jingine: kesho asubuhi mzee akiniuliza tena, nimjibu nini?