Gigabaiti Nne za Marehemu Ndelilio

Shamsia wa steshenari ya sokoni Kiboriloni ana ugomvi wa siku nyingi na neno moja: bure. Hapo sokoni ukimwambia mtu kitu ni cha bure, anarudi nyuma hatua mbili anakuuliza umekiokota wapi. Ndivyo alivyochekwa alipobandika kwenye kivinjari cha kompyuta yake kile kijiprogramu cha kupakulia mafaili makubwa. Hakiuzwi, hakikuonjeshi siku thelathini halafu kikudai, na maandishi yaliyokiunda yako wazi, fundi yeyote duniani anaweza kuyasoma na kuyarekebisha. Shamsia si fundi. Lakini vitufe vyake kavitia Kiswahili yeye mwenyewe, akawatumia wenye kazi hiyo huko waliko, nao wakavipokea. Ukimkuta ana nafasi atakuonesha. Usipotaka, atakuonesha vilevile.

"Huyo mchumba wako wa bure," Seleman kinyozi wa mlango wa pili humtania, "mahari atatoa lini?"

Jumatatu moja saa mbili asubuhi akaingia mama wa makamo, kitenge cheusi, viatu vimejaa tope jekundu la Machame.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ni wewe unayeshusha vitu vikubwa kwenye mtandao?"

Aliitwa Yuditha. Jumamosi alikuwa amemzika mumewe, Ndelilio, aliyefia hospitali Dar. Siku chache kabla hajafa, binti yao Zita alimrekodi baba akieleza kihamba chao, shamba la urithi, kibaki kwa nani, ile migomba na kahawa na nyumba iliyo katikati. Akaipandisha video kwenye tovuti moja inayotunza vitu kwa siku saba tu, akamtumia mama yake linki, na kesho yake simu yake ikaibiwa. Nakala nyingine hakuna. Sasa Aminieli, mdogo wa marehemu, anasema kihamba hakiwezi kubaki kwa mwanamke mwenye mabinti watupu, na maneno ya kusimuliwa na Zita hayataki; anataka kuusikia mdomo wa kaka yake. Ukoo ulikuwa unakaa siku hiyo hiyo saa nane. Linki ilikuwa inakufa saa tano.

"Tumejaribu kwa simu yangu usiku mzima," Yuditha alisema. "Inafika nusu, inakatika, inaanza upya. Vifurushi vimeisha."

"Hapa haianzi upya mama. Ikikatika inaendelea ilipoishia. Kaa."

Gigabaiti nne. Kijiprogramu kikaligawa faili vipande vinne, kikaanza kuvuta vyote kwa pamoja. Saa tatu asilimia ishirini na mbili. Saa tatu na nusu, thelathini na nane. Shamsia akapiga hesabu kichwani: kwa mwendo huo saa tano hawafiki. Basi akafanya kosa ambalo yeye huwagombeza wengine. Akaongeza vipande, kutoka vinne hadi kumi na sita, ili vivute kwa nguvu.

Mwendo ukaruka. Dakika moja, mbili, ikafika asilimia hamsini. Halafu mistari yote ikawa myekundu. Seva ya ile tovuti ilikuwa imemfungia mlango, maana imeona mtu mmoja anavuta kwa mikono kumi na sita.

"Imekuwaje?" Yuditha alisimama.

"Nimekuwa na pupa, mama. Nisamehe." "Nikigonga tena sasa hivi itazidi kunifungia. Tusubiri."

Kusubiri! Robo saa nzima walikaa wakiangalia saa ya ukutani, na kuijaza ile robo saa Yuditha akaongea. Miezi miwili Ndelilio alilazwa Dar na yeye hakwenda hata mara moja. Angeondoka, Aminieli angehamia siku hiyo hiyo, angefungua mlango, angekata mkungu wa ndizi kana kwamba ni wake. Kwa hiyo alibaki kulinda. Kila alipopiga simu mumewe alimjibu maneno machache, mimi mzima mama Zita, ng'ombe amekula? Kisha anakata.

Shamsia akapunguza vipande hadi viwili, akasema bismillahi, akabonyeza Endelea. Kijani. Hamsini na moja, na mwendo mzuri kuliko wa mwanzo, maana seva haikumbania tena.

Saa nne na nusu, asilimia themanini na moja, umeme ukakatika.

"Seleman!" Shamsia alipiga ukelele uliosikika hadi kwenye mafungu ya nyanya. "Jenereta! Nipe jenereta!"

"Nina kichwa cha mtu hapa!"

"Atavaa kofia!"

Seleman alikuja analiburuta, mteja nyuma yake kanyolewa upande mmoja, anasaidia kusukuma. Kompyuta ikawaka taratibu, ya mwaka gani sijui. Themanini na moja ilikuwa pale pale. Kwa mara ya kwanza Seleman hakutania.

Saa tano kasoro dakika tatu, asilimia mia.

Shamsia ana desturi: video ya mteja haiangalii. Hufungua mwanzo kidogo na mwisho kidogo, kuhakikisha faili ni zima, basi. Mwanzo ukafunguka: mzee kitandani, anataja jina lake na la baba yake. Akasogeza hadi mwisho. Ndelilio alikuwa amegeuza uso, kifua kinapanda na kushuka.

"Zima sasa, Zita. Mama yako asije akasikia ninavyohema."

Shamsia hakugeuka nyuma. Alisikia kiti kikiburuzwa, kisha sauti ndogo.

"Hapo mwisho, mwanangu, unaweza kukata? Ya kihamba wasikie wote. Hapo ni pangu."

Akakata. Mafaili mawili kwenye flashi moja, la ukoo na lake mwenyewe, na nakala ya kile kipande kifupi akaiweka kwenye simu ya mama. Bodaboda akaondoka naye.

Jioni Yuditha akapiga simu. Aminieli alikuwa amesikiliza ameinamisha kichwa hadi mwisho, kisha akatamka mbele ya watu wote kwamba kihamba ni cha Yuditha na mabinti zake. Katibu wa ukoo kaandika.

"Alhamdulillahi!" Shamsia aliruka. "Hongera mama! Umelinda, umeshinda!"



"Kile kipande nimekisikiliza mara nne njiani," Yuditha alisema. "Alikuwa anahema sana, mwanangu. Na mimi nilikuwa nyumbani, nalinda migomba."