Fundi wa Makochi na Maswali ya Mkewe

Fundi alikuwa mtu wa kimya, na kimya chake kilikuwa na sababu. Tangu ujana kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi, na fundi wa makochi hubana misumari midogo kwa midomo, akiitoa mmoja mmoja kila anapopiga nyundo. Mwenye misumari mdomoni hasalimii, habishi, wala hapigi soga. Mteja akiuliza, "Kochi langu tayari?" hutikisiwa kichwa, basi. Jioni akishaitema misumari yake, maneno nayo hayaji. Majirani wengine walisema ana maringo. Maringo ya nini, jamani? Yalikuwa mazoea tu.

Maneno ya nyumba ile yote alikuwa nayo mkewe. Huyo alikuwa opereta wa simu enzi zile za plagi na nyaya, mtu akitaka kuongea na ng'ambo anaomba, anangoja, opereta anamuunganisha. Aliwaunganisha watu na Paris, na Marseille, akaokota Kifaransa cha "subiri kidogo" na "endelea kuongea". Halafu ilimbidi atoe sikio lake, maana kusikiliza maongezi ya watu ni kosa la kazi. Hilo lilimuuma miaka yote. Alistaafu akiwa na kiu ya kujua huko mwisho wa waya kulikuwa na nini hasa.

Kwa hiyo chama kimoja cha urafiki na Ufaransa kilipoanza kutoa mihadhara ya bure kwenye ukumbi ulio juu ya maktaba, kila Jumamosi alasiri, yeye alikuwa wa kwanza kupanda ngazi. Leo historia, Jumamosi ijayo uchoraji, nyingine mambo ya dunia. Viti vya plastiki, feni moja inayolia kama ina kinyongo, na mratibu wa mihadhara, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akikaribisha watu mlangoni. Mkewe Fundi alikaa safu ya tatu, mkoba kwenye kiti cha pili kumwekea mumewe. Mumewe alikuja, ndiyo, lakini taa zikishazimwa na picha kuanza kuonekana ukutani, alilala fofofo. Akikoroma anafinywa.

Mhadhara ukiisha, mratibu alisema, "Maswali?" Na mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa yule mama wa safu ya tatu. Si maswali ya kujionyesha. Watu wakisimuliwa jumba la kifalme lenye vyumba visivyohesabika, yeye huuliza nani alikuwa akiosha madirisha. Ukumbi ukamzoea, ukambatiza Mama Swali. Ikawa desturi kabisa: mratibu akitamka "Maswali?", shingo zote zinageukia safu ya tatu, na hakuna anayethubutu kuinua mkono kabla yake.

Kisha moyo wake ukachoka. Nasema moyo kwa maana ya kile kiungo chenyewe, si huzuni. Miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, na ngazi za maktaba zikawa mlima. Hospitali walimpa dawa, halafu daktari akamvuta Fundi kando, akamwambia ampeleke nyumbani wakae pamoja. Fundi alielewa. Hakuuliza chochote, kama kawaida yake.

Kulala chali mgonjwa hakuweza, alikuwa kama anazama. Fundi akaacha kazi za watu, akamtengenezea kochi. Mgongo wa kochi ulilala nusu, springi laini, sponji nene pale nyonga zilipokuwa zikimuuma, na mkono mmoja wa kochi mpana wa kuwekea kikombe. Aliliweka karibu na dirisha. Mkewe akalikalia, akalisifu, kisha akasema, "Sasa Jumamosi utakwenda wewe."

"Kwenda wapi?"

"Kwenye mhadhara. Utanisikilizia, utaniulizia swali langu, utaniletea jibu."

"Mimi? Mbele za watu?"

"Hata simu ya ng'ambo ilikuwa inahitaji mtu wa katikati, Fundi. Mimi nimewaunganisha watu maisha yangu yote. Na wewe niunganishe mara moja."

Utamkatalia vipi mtu kama huyo? Dada wa mkewe, aliyehamia pale kusaidia kuuguza, alibaki na mgonjwa, Fundi akavaa shati lake la heshima, akaenda na swali aliloagizwa. Siku hiyo walisimuliwa jinsi mfalme wa Ufaransa alivyotoroka na familia yake kwa gari kubwa la farasi, zito, wakakamatwa njiani. Fundi hakulala. Alishika kila kitu. Lakini mratibu aliposema "Maswali?" na shingo zile zote zikamgeukia, jasho jembamba likamtoka. Mkono aliuinua nusu, akaishia kujikuna kichwa.

Alirudi nyumbani amenywea. Mkewe alikuwa macho, amejiinua kwenye kochi.

"Umeuliza kwa nini walichukua gari kubwa vile, na wanatoroka?"

Angesema kweli hapo, mambo yangekwisha. Lakini alimwona alivyomkazia macho, akashindwa. "Nimeuliza."

"Wamesemaje?"

"Wamesema…" Fundi akaliangalia kochi. "Wamesema malkia alikuwa hawezi kiti kigumu. Gari dogo lilikuwa halina springi."

Mkewe alimtazama, akamtazama, kisha akacheka mpaka dada yake akaja mbio na maji. "Springi?"

"Springi."

Basi uongo ukishaingia nyumbani kwa kicheko, kuutoa ni kazi. Jumamosi iliyofuata ilikuwa mambo ya dunia, mikutano ya mataifa makubwa, na mkewe alitaka kujua wanaogombana huketishwaje. Fundi akaufyata tena ukumbini, akatunga tena njiani: viti vyote lazima viwe kimo kimoja, fundi wao hupita na kamba ya kupimia kabla ya mkutano, maana mmoja akikaa juu kuliko mwenzake, tayari vita. Mkewe hakukubali jibu hilo hivihivi. Alilipinga, akatuma hoja, na Fundi ikambidi atunge jibu la hoja. Walibishana hivyo, mgonjwa kwenye kochi lake na wahadhiri ambao hawakuwa na habari. Rangi ilimrudia mgonjwa mashavuni. Fundi, ambaye hakuwahi kusema maneno mengi namna ile tangu azaliwe, alijikuta katikati ya wiki, misumari mdomoni, akiwaza mabalozi na malkia na makochi yao.

Lakini alikuwa na aibu. Kila usiku wa Jumamosi aliuaga kwa kujiapiza kwamba wiki ijayo atasimama, atauliza kweli. Mgonjwa ananitegemea mimi, nami namlisha upepo, alijiambia. Aliogopa mkewe asije akafa bila kupata hata jibu moja la haki.

Wiki ya mhadhara wa mwisho hali ilibadilika. Mkewe hakula. Vidole vyake vilikuwa baridi, akawa anasinzia katikati ya sentensi. Tangazo la mhadhara lilikuwa ubaoni muda mrefu na alikuwa ameungoja sana: siku wanawake wa sokoni wa Paris walipotoka kwa miguu, mvua inanyesha, wakaenda mpaka Versailles kumdai mfalme mkate. Jumamosi ilipofika, Fundi alivaa nguo za kazi, akaketi kwenye stuli mbele yake.

"Siendi."

"Unakwenda."

"Siendi, mwenzangu. Tazama ulivyo."

"Najitazama siku zote, hakuna kipya," alisema. Kila neno lilimgharimu pumzi. "Usipokwenda wewe nitakwenda mimi. Nitapanda zile ngazi kwa makalio."

Dada yake akacheka kwa kulazimisha, akageukia ukuta. Fundi alibadili shati. Mkewe akamwita karibu, akamshika kola.

"Swali la leo ni hili. Siku ile wale akina mama walipoondoka, kulikuwa na wagonjwa majumbani. Lazima. Uliza nani alibaki na wagonjwa."

"Nani alibaki na wagonjwa."

"Na hili uulize, Fundi."

Alilisema jambo hilo taratibu, huku akitazama dirishani. Fundi alihisi masikio yanawaka moto, akatoka.

Mhadhiri wa siku hiyo alikuwa binti wa miwani, na alijua kusimulia. Alisimulia njaa, ngoma iliyopigwa asubuhi, matope, sketi zilizolowa, wanawake waliovutana mikono wasianguke. Fundi alisikiliza akiwa amekaa kwenye ncha ya kiti. Kando yake kiti cha mkewe kilikuwa kitupu, hakuna aliyethubutu kukikalia.

"Maswali?" alisema mratibu. Shingo zikageuka.

Fundi akasimama. Akashika mgongo wa kiti cha mbele. "Swali siyo langu," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "La mke wangu. Mnamjua. Anauliza hivi… siku ile akina mama walipokwenda, nani alibaki na wagonjwa nyumbani?"

Binti alifunua karatasi zake, akazifunika. Akavua miwani. "Sijui," alisema. "Nakuambia kweli, baba, sijui. Vitabu nilivyosoma vyote vinawafuata waliotembea. Waliobaki ndani sijakutana nao. Wala sikuwahi kujiuliza, mpaka leo."

Kulikuwa na minong'ono, kisha mtu mmoja akapiga makofi, wakafuata wengine. Mratibu alimfuata mpaka kwenye ngazi. "Msalimie sana Mama Swali," alisema. "Mwambie tunamngoja."

Fundi alikwenda nyumbani karibu akikimbia, mtu mzima na mvi zake. Alikuwa ameuliza! Jibu lenyewe lilikuwa tupu, sijui, basi, lakini lilikuwa la kweli, na alilibeba kwa uangalifu asije akalitia chumvi njiani. Alipanga kila kitu: atamwambia alivyosimama, binti alivyovua miwani, makofi. Halafu atakiri yote ya nyuma, springi na kamba ya kupimia, aombe radhi, na atakubali kutukanwa.

Mlango ulikuwa wazi, na nje viatu vya majirani vilikuwa vingi.

Alielewa maana ya viatu vile kabla hajawaona wenyewe. Shemeji yake alimpokea barazani, akamshika mikono yote miwili.

"Ulipotoka tu akasinzia," alisema. "Akaamka, akaniuliza, 'Ameshauliza?' Nikamwambia bado, ndio kwanza anafika. Akasema, 'Leo atauliza.' Akalala tena. Sikujua, shemeji. Nilidhani amelala."

Fundi alitaka kupita ndani, lakini shemeji hakumwachia mikono.

"Alikuwa anajua," shemeji aliendelea, na machozi yakawa yanamtiririka. "Tangu lile la springi. Aliniambia, 'Dada, wahadhiri gani hao, kila jibu lina kochi ndani yake?' Tulikuwa tunacheka, wewe ukiwa karakana. Alisema maisha yake yote alikungoja uongee, na sasa unaongea, nani akunyamazishe? Lakini la leo alisema ni lazima uulize kweli, maana hutaweza kulitungia jibu. Alisema utasimama, watu watakusikia, na siku akiondoka hutarudi kwenye misumari yako."

Majirani walimpisha. Mkewe alikuwa kwenye kochi lake, ameegemea vilevile, kichwa kimeelekea dirishani, na kwenye mkono mpana wa kochi kikombe cha maji kilikuwa hakijaguswa. Fundi alivuta stuli yake, akakaa. Alimgusa vidole, akavifunika kwa kiganja chake kana kwamba vingepata joto. Roho ilimuuma kwa namna ambayo hakuwahi kuijua. Alimuuguza miezi yote ile, akamgeuza, akamlisha, hakumwacha, na saa ile ile alipokuwa amesimama mbele za watu kuuliza nani alibaki na mgonjwa, yeye hakubaki.

"Nimeuliza," alimwambia.

Alitaka kumpa jibu alilolibeba, lile la kweli, lakini alipofungua mdomo aliliona baridi mno kumpa mtu aliyengoja hivyo. Sijui. Utampaje mkeo neno kama hilo, la mwisho?

"Wamesema alikuwepo fundi mmoja," alianza, taratibu. "Fundi wa viti. Mkewe alikuwa mgonjwa, hawezi kulala chali. Watu wote wakatoka siku ile, wakamwita mlangoni, njoo, wote tunakwenda. Ngoma zinapigwa, mvua inanyesha. Mkewe mwenyewe akamwambia nenda." Fundi akaisogeza stuli karibu zaidi. "Akakataa. Alikaa kwenye stuli yake, akamshika mkono. Hakwenda, mwenzangu. Alikaa naye mpaka mwisho."