Fremu Niliyoichukua Mahameni

Wanaonijua wanajua sinywi pombe, na siku hiyo sikuwa na homa. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua mtakayofikiri. Kisa hiki kilinipata mimi mwenyewe, Jumapili mchana, jua likiwa kali. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana huko mbele sitapenda kuchekwa.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja huko Nyakato. Nilipanga chumba Igogo, huko huko mjini, nikaishi humo peke yangu. Mke wangu Rhoda na binti yetu Neema walikuwa kwa mama mkwe, katika kijiji kipya mbele ya Kisesa, kwa sababu mama mkwe alikuwa amepofuka na hakuwa na mtu mwingine wa kumshika mkono. Basi la kwenda huko lilikuja likipenda. Jioni nilipika ugali wa mtu mmoja, na niamini, hakuna ugali mgumu kupika kama huo. Kisha siku moja Rhoda akanitumia salamu kwa mpita njia: "Mwambie baba Neema, mtoto ameanza kumwita mjomba wake baba."

Usiku ule sikulala. Asubuhi niliamua kuunda pikipiki.

Kuunda, ndiyo. Pikipiki mpya zilitaka kibali, na kibali kilitaka kujuana na mtu. Injini niliipata kwa fundi mwenzangu, ya pikipiki ndogo ya Kijapani iliyogonga ng'ombe. Fremu je? Hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Kijijini kwa mama mkwe, nyumba ya tatu, aliishi bibi mmoja, Mama Kulwa. Nilimsikia akisimulia kwamba malori ya operesheni ya vijiji yalipokuja kuwahamisha yalibeba watu na magunia tu, na pikipiki kuukuu ya mzee wake, ya Kiingereza, iliachwa kwenye ua wa minyaa. Sikumuuliza huyo mzee mwenyewe yuko wapi. Nilitikisa kichwa kwa huruma, na wiki iliyofuata nikapita na baiskeli kwenye mahame yao, kando ya barabara.

Kwetu Usukumani, ukihama unawaaga wafu waliolala pale. Na ukichukua kitu mahameni, unasimama, unajitaja jina, unasema kitu kinakwenda wapi. Mimi, mtu wa cheti cha ufundi, nilisema nini? Sikusema neno. Nilifunga fremu juu ya baiskeli nikaondoka.

Kazi ilinichukua miezi minne. Injini ile ndogo ilikaa ndani ya fremu kubwa kama mtoto aliyevaa koti la babake. Ilibidi nikate vibao vya chuma, nivitoboe, nivichomelee, ndipo ipate pa kushikia. Shida kubwa ilikuwa mnyororo: meno ya injini na meno ya gurudumu la nyuma hayakutazamana. Niliongeza washa, zile pete za chuma, nikapunguza, nikaongeza tena, na bado haukunyooka vizuri. Lakini ilipowaka mara ya kwanza, nilikaa chini nikalia kwa furaha. Sioni aibu kusema hivyo.

Jumapili hiyo niliondoka nimechelewa. Wakati ule petroli ilikuwa shida, na Jumapili kuanzia saa nane mchana magari yalikatazwa kutembea bila kibali. Nilipopita Kisesa barabara ilikuwa tupu kabisa. Kufika usawa wa yale mahame, mnyororo ukachomoka.

Nilikuwa nimechuchumaa naurudisha niliposikia salamu ya Kisukuma, "Mwadila."

Alikuwa mzee mrefu mwenye koti la kaki na kofia. Sikumwona akitokea wapi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba, mwanangu," akaizunguka pikipiki polepole. Akapitisha kidole gumba chini ya kiti, penye mshono wa zamani wa kuchomelea.

"Hapa ilikatika nikiwa natoka Magu," alisema. "Umeitia moyo mwingine. Unakohoa, lakini ni moyo."

Kisha akaweka kiganja juu ya ekzosi. Sikilizeni vizuri. Nilikuwa nimetoka kuendesha mwendo mrefu juani, ekzosi ile ingebabua ngozi, naye aliweka kiganja chote akakiacha pale, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Nikasema moyoni, huyu ngozi yake ngumu. Mtu akiwa na hofu ya kitu kimoja haoni kingine, na mimi nilichoogopa ni kimoja tu: huyu ndiye mzee wa Mama Kulwa, alikuwa safarini, amerudi, atanidai fremu.

Lakini hakudai. Alitazama minyaa iliyokauka, akaniuliza kwa upole, "Watu wangu walipelekwa wapi? Nimeamka nikakuta kimya. Hakuna aliyeniambia."

Nilijua. Ilikuwa mwendo wa nusu saa tu. Nikimwambia, atapanda nyuma yangu, tutafika wote, kijiji kizima kitaiona fremu, na mimi nitarudi Igogo kwa miguu. Neema ataendelea kumwita mjomba wake baba.

"Walivushwa ng'ambo ya ziwa, mzee," nilisema. "Sengerema."

"Mbali," alisema. "Asante sana, mwanangu. Mungu akufikishe kwa watu wako."

Akaanza kutembea kuelekea nilikotoka mimi. Niliinama kukaza nati moja. Nilipoinua kichwa, barabara ile iliyonyooka haikuwa na mtu.

Nilifika kijijini. Neema alinirukia shingoni, na hata furaha hiyo sikuionja. Nilimweleza mama mkwe kila kitu. Akauliza, "Kofia na koti la kaki?"

"Ndiyo, mama."

"Huyo tulimzika miaka miwili kabla ya operesheni, karibu na zizi lake. Malori yalikuja ghafla. Hakuna aliyepata nafasi ya kumuaga."

Niliisukuma pikipiki hadi kwa Mama Kulwa, nikakiri. Hakupiga kelele. Aliuliza tu nilimwambia mzee kwamba watu wake wako wapi. Nilipomjibu, alikaa chini kwenye kizingiti.

"Mzee wangu alikuwa mtu wa kuamini anachoambiwa," alisema. "Atakwenda."

Kesho yake alfajiri tulikwenda naye mahameni pamoja na wanawe. Walimwaga pombe kidogo, wakamwita mzee kwa majina yake yote, wakamweleza kijiji kilipo. Tulingoja mpaka jua likawa kali. Mama Kulwa akajifuta macho, akasema hapa hayupo tena. Nilimrudishia pikipiki, akaikataa. "Ichukue. Wewe ndiye uliyempeleka huko. Mtafute."

Tangu hapo Jumapili zangu zilikwisha. Kila wiki alfajiri nilikwenda Kigongo, nikavuka kwa kivuko hadi Busisi, nikaranda vijiji vya Sengerema nikiuliza. Rhoda alivumilia karibu miaka miwili, kisha akaacha kunitumia salamu. Simlaumu. Neema siku hizi ni mama wa watu. Tukikutana ananiamkia kwa heshima, kama anavyomwamkia mzee yeyote. Inaniuma kuliko matusi.

Mnadhani niliota? Mwaka wa tatu, pale Busisi, mama mmoja muuza samaki aliisikia injini yangu, akanisimamisha. Alisema kuna mzee mwenye kofia alipita, hakununua kitu, aliulizia watu wake, kisha akaacha maneno: "Akija kijana mwenye pikipiki inayokohoa, mwambie bado sijawaona, lakini namshukuru kwa kunionyesha njia."

Nilikaa pale ufukweni mpaka kivuko cha mwisho kikaondoka bila mimi.

Sasa nimezeeka, na bado navuka miguu ikiniruhusu. Nawe ukikutana na mtu barabarani, awe hai au awe vyovyote, akikuuliza watu wake wako wapi na wewe unajua, mwambie. Usipime kwanza utapoteza nini. Mimi nilipima.