Chumvi ya Verlene

Krismasi ilimkuta Verlene Stubbs mwezi wa Julai, mjini Burbank, jua likipasua kichwa, naye kavalishwa sweta la sufu lenye picha ya kulungu kifuani. Nje ya studio watu wa filamu walikuwa wakimwaga povu jeupe juu ya nyasi ili lionekane theluji. Yeye na wenzake walipanga foleni kama mbuzi wa mnada. Walikuwa wageni wa sherehe: kazi yao kupita nyuma, kushika glasi na kuchezesha midomo bila kutoa sauti. Mtu wa nyuma hasemi. Akisema, kaharibu.

Hakuletwa na njaa. Alikuwa na kazi yake ya kupika katika shule moja kule Reseda. Alikuja kwa sababu alisikia wanatengeneza sehemu ya pili ya ile filamu ya wavuta bangi wawili, na safari hii ni ya Krismasi. Mwenye filamu alikuwa Garland, aliyekuwa mumewe. Basi akajiandikisha kwa jina la ukoo wa mama yake, mvi akazifunika kwa kofia.

Ile ya kwanza Garland na rafiki yake Chuy waliipiga ndani ya nyumba yao ya kupanga, kwa kamera ya kuazima. Verlene aliwapikia. Verlene alishika taa mpaka mkono ukafa ganzi. Vichekesho, nusu yake vilitoka kinywani mwake, wao wamejilaza kwenye zulia, macho mekundu, wakicheka mpaka wanalia. Filamu ikapendwa, na jina lake halikuonekana hata kwenye yale maandishi madogo ya mwisho ambayo watu huyapa kisogo. Garland akapata nyumba ya mlimani na mke wa mlimani. Mgongo ni wa kupandia tu. Aliyekwisha kufika juu haulizi umevunjika wapi.

Walipoingizwa ndani, akalitambua mara moja. Lilikuwa jiko lake la ile nyumba ya kupanga. Walikuwa wamelijenga upya kwa kufuata picha: karatasi za ukutani za manjano, friji iliyoinama upande, pazia la cheri. Hata alama ya sufuria ya moto juu ya meza waliichora. Alisogelea droo ya vijiko, na bila kufikiri akaipiga kumbo la nyonga, maana droo ile ilikuwa haifunguki mpaka uipige. Hii ikateleza yenyewe, laini, tupu. Verlene akaishika ukingoni kama mtu anayeshika mkono wa maiti.

"Jamani watu wa nyuma!" Preston, msimamizi wao, alipiga makofi. "Sherehe imechangamka. Mnacheka kwa meno, siyo kwa koo. Mama wa kulungu, ondoka kwenye droo, siyo ya kwako."

Verlene akaondoka.

Majaribio yakaanza, ndipo akaona walichokuja kuigiza. Sakafuni kulijaa vifurushi vilivyofungwa kwa magazeti. Ilikuwa Krismasi yake yeye.

Mwaka ule mti wao wa Krismasi ulikuwa hauna kitu chini yake. Verlene alivuta pumzi mbili za msokoto wa Chuy, akautazama mti, akaona haya kwa niaba yake. Wanaume walipolala akachukua magazeti na utepe akafunga nyumba nzima: sahani, mswaki, redio, soksi, kila kilichofungika. Asubuhi ikawa kizaazaa.

"Verlene! Viatu vyangu viko wapi?"

"Ni zawadi, mpenzi. Fungua utajua."

Garland akafungua. Kopo la mahindi.

"Shemeji, nionee huruma," Chuy alilia akiwa amebana magoti. "Nimebanwa vibaya. Karatasi ya chooni nayo umeifunga?"

"Hiyo ndiyo yenye utepe mwekundu, shem. Nilijua utaithamini."

Garland alicheka mpaka akateleza ukutani akakaa chini, akamvuta Verlene mapajani, akamwambia hajawahi kupewa vitu vingi hivyo maishani. Siku nyingi baadaye walikuwa bado wanafungua. Chumvi tu haikuonekana. Walikula mayai yasiyo na ladha wakicheka.

Sasa kamera ikawashwa. Mwigizaji aliyekuwa Chuy akasimama katikati ya magazeti. "Kaka, mwehu gani kafunga nyumba nzima?"

Mwenzake, aliyekuwa Garland, akajipiga kifua. Kwenye majaribio alikuwa amesema: "Mimi! Moshi umenipa maono!" Akafungua kinywa.

"Mimi," alisema Verlene.

"Kata!"

Preston alimjia mbio. "Wewe mama! Nani kakupa maneno?"

"Hakunipa mtu. Ni yangu."

"Ni yako? Haya, toka nje na hayo maneno yako."

"Mwache," sauti ilitoka gizani, nyuma ya taa.

Garland akaja taratibu. Tumbo lilikuwa limemtangulia na nywele zimemkimbia. Alimtazama chini ya kofia, akatazama jiko, akamtazama tena.

"Verlene," alisema. "Ile chumvi uliiweka wapi?"

Kila mtu alisikia. Waigizaji wakatazamana, Preston akainamisha kichwa. Miaka yote hiyo Verlene alikuwa amelitaka neno hilo la kukiri mbele za watu kwamba ni yeye, na alidhani likija atalitafuna kama nyama. Lakini aliyemtaka alikuwa yule Garland wa zamani, aliyekaa sakafuni ukutani, mapaja yake membamba, na huyo hakuwa humu ndani.

"Nyuma ya jiko la kupikia," alisema. "Uliponihama ndipo nilipoiona."

Verlene akavua sweta, akampa Preston kulungu wake, akatoka akikanyaga povu.

Jioni, nyumbani kwake, alikaanga mayai. Alipanda kiti, akatoa juu ya kabati kifurushi kidogo, gazeti limegeuka rangi ya chai, utepe bado umefungwa vile vile alivyoufunga. Akaufungua polepole. Chumvi ilikuwa imegandamana ikawa jiwe. Akaigonga ukingoni mwa meza mpaka ikakubali, akanyunyiza, akala.